Gari Likizeeka Linakuja Kwetu

Kampuni za magari zinapenda sana miaka ya mbali. Mwaka 2015 Toyota walitoa ahadi yao kubwa: ifikapo 2050, magari mapya wanayouza duniani yatakuwa yamepunguza gesi ya kaboni kwa asilimia 90 ukilinganisha na ya 2010. Umoja wa Ulaya nao wakapitisha sheria mwaka 2023: kuanzia 2035, magari madogo mapya yanayouzwa kwao yasitoe kaboni hata kidogo. Hata wino haujakauka, viwanda vikaanza kusukuma hiyo sheria ilegezwe.

Soma hizo ahadi tena polepole. Kuna neno moja ambalo wengi wetu hulipita bila kuliona. Mapya.

Sasa shuka nami Laini Saba unionyeshe gari jipya. Nakupa siku nzima. Utaona matatu iliyobeba watoto wa Japani kabla haijabeba sisi, na bado ina stika ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna mtu anayeweza kuisoma. Utaona pikapu ya maji, lori la mchanga, na zile gari ndogo za teksi za mtandaoni ambazo mwenyewe analipa mkopo hadi anakosa usingizi. Karibu kila kitu chenye magurudumu manne hapa kilikuwa cha mtu mwingine kwanza. Kwa hivyo ahadi inayohesabu magari mapya peke yake imeturuka. Si kwa ubaya, ni vile tu hatuko kwenye hesabu.

Mnaonifuata mnajua mimi ni mtu wa magari. Nilianza na video za nganya, rangi, muziki, taa za chini. Kabla ya hapo nilikuwa chuoni nasoma uhandisi wa mitambo. Nilifika mwaka wa pili, karo ikakatika, nikarudi keja na vitabu vyangu kwenye gunia. Vitabu sikuviuza. Bado navisoma stima ikiwepo. Kwa hivyo nikiongea juu ya injini sisomi kwa simu, hiki ni kitu nakipenda.

Lakini hii stori ina watu wawili ambao pia nawapenda. Wa kwanza ni mathe. Anauza mandazi na chai karibu na Mbagathi Way, anafungua saa kumi na moja alfajiri. Mat zinasimama hapo zikingoja kujaa, injini zikinguruma, bomba la moshi likiangalia sufuria. Akirudi jioni kitambaa chake cha kichwa kinanuka dizeli kuliko mafuta ya kukaangia. Ana pumu. Kuna kipulizio cha bluu ambacho kwetu kinahesabiwa pamoja na unga na rent. Wa pili ni bro wangu mkubwa. Ana nduthi ya petroli, ya mkopo, amebakisha miezi minne kuimaliza, na mwezi huu kuna kijana wa mauzo anamshawishi ahamie ya stima. Nitamrudia.

Kwanza tuwe wa haki. Utengenezaji wa magari umepiga hatua, na anayekataa hajawahi kufungua boneti. Chukua kile chombo kinachokaa chini ya gari katikati ya injini na bomba la moshi, katalitiki. Ndani yake kuna vijitundu vidogo kama sega la nyuki, vimepakwa madini ya thamani: platini, paladi, rodi. Moshi mchafu ukipita pale ukiwa moto, kaboni monoksidi, mafuta yasiyoungua vizuri na oksidi za naitrojeni vinageuzwa kuwa vitu visivyodhuru sana mapafu. Hakuna uchawi, ni kemia ya kidato cha tatu ikifanya kazi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ulaya walianza viwango vyao vya Euro mwanzoni mwa miaka ya 90, na kila baada ya miaka kadhaa wanavikaza. Gari la leo linatoa sehemu ndogo tu ya sumu iliyotolewa na gari la wakati baba yangu alikuwa kijana.

Hata sisi tumesonga. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kenya kabla ya hapo kiwango kilikuwa sehemu 500. Salfa ndiyo inayoharibu vichujio vya moshi, kwa hivyo bila mafuta safi hata gari zuri linakufa kifua. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na haikupigiwa kelele.

Shida inaanza pale lengo linapopimwa mahali ambapo hakuna anayeishi. Septemba 2015 wakuu wa mazingira wa Marekani walitangaza kwamba Volkswagen walikuwa wameweka programu kwenye magari ya dizeli, programu inayojua gari likiwa maabara linapimwa. Likiwa kwenye kipimo, linajifanya mtakatifu. Likirudi barabarani, linatoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na huo ujanja. Kwangu mimi somo haliko kwa Wajerumani peke yao. Gari lilifaulu mtihani na likaanguka kwa maisha. Na kama hilo liliwezekana kule kwenye polisi wa mazingira, maabara na mawakili, je, huku ambako mpimaji wa moshi ni pua ya mathe?

Basi tufuate gari moja lililotumika, tuone linavyosafiri. Mwaka 2020 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti. Kati ya 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje ya nchi zao, mengi yakitoka Japani, Ulaya na Marekani. Asilimia 40 yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi nao waliangalia magari yaliyokuwa bandarini kwao yakingoja kuletwa bara letu. Mengi yalikuwa na umri kati ya miaka 16 na 20, hayakufika Euro 4, na hayakuwa na cheti halali cha kuonyesha yanafaa barabarani. Mengine yalikuwa yameshang'olewa katalitiki. Yaani walitoa dawa, wakatuletea ugonjwa.

Kenya angalau tuna sheria: gari la zaidi ya miaka 8 haliingii. Ndiyo maana huku mtu akinunua mtumba anauliza mwaka wa kutengenezwa kabla ya kuuliza bei. Uganda waliweka miaka 15 mwaka 2018. Hiyo sheria yetu ni nzuri, naitetea. Lakini inapima umri wa gari siku linashuka Mombasa, na baada ya hapo gari linaishi na sisi miaka 15, 20, 25. Linatoka kwa ofisa wa Kilimani, linaenda kwa mwalimu wa Rongai, linaishia kwa mtu wa teksi. Kila anaposhuka daraja, mfuko unakuwa mwembamba. Siku moja katalitiki inaziba, gari linakosa nguvu. Mpya bei yake ni kama kodi ya nyumba ya mwaka, na fundi anasema, "Tuitoe tu, tuweke bomba." Yule mzee wa madini naye anapita akinunua zile zilizotolewa. Gari linarudisha nguvu, mwenyewe anashukuru, na ule moshi unaenda kukaa kifuani kwa mtu asiye na gari.

Simlaumu fundi. Mimi pia ningeshika spana hiyo kama watoto wanangoja. Nalaumu hesabu inayomalizika getini kwa kiwanda.

Sasa watu wa mtandaoni hapa huniambia, "Buda, suluhisho ni stima." Na kwa Kenya nakubaliana nao kuliko wanavyodhani. Kuna nchi ambazo gari la stima linachajiwa kwa makaa ya mawe, yaani moshi umehamishwa tu kutoka barabarani hadi kwa bomba refu. Sisi hatuko hivyo. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria imekuwa ikitoa stima ya mvuke tangu 1981. Kule karibu na Ziwa Turkana kuna mashine 365 za upepo zenye uwezo wa megawati 310. Usiku watu wakilala mvuke hauzimiki, unaendelea kutoka, na stima nyingine haina wa kuitumia. Ndiyo maana mwaka 2023 mamlaka ya kawi iliweka bei maalum ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi yako chini. Kama kuna nchi inayostahili basi la stima, ni yetu.

Tena sisi si wageni wa kutengeneza. Mwaka 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama si zuri sana. Yakatoka matano, Nyayo Pioneer, yakazinduliwa 1990. Hayakuwahi kuingia sokoni, na wazee wanacheka wakilikumbuka hilo jina. Mimi sicheki. Jirani zetu Uganda walianza na kagari kadogo ka stima, Kiira EV, kaliyoundwa Makerere mwaka 2011. Hawakukaacha. Mwaka 2016 wakaonyesha basi lenye paneli za jua juu ya paa, Kayoola, na leo Kiira Motors ina kiwanda Jinja. Tofauti ya hadithi hizo mbili ni kwamba moja iliendelea kulipiwa.

Hapa kwetu BasiGo waliweka mabasi yao mawili ya kwanza ya stima barabarani Nairobi Machi 2022, muundo wa BYD ya China, na baadaye wakaanza kuyaunganisha Thika. Roam, walioanza 2017 wakiitwa Opibus, walifungua kiwanda cha pikipiki Nairobi mwaka 2023 chenye uwezo wa kutoa 50,000 kwa mwaka. Nilipanda basi la stima mara ya kwanza kwa sababu ya video. Nikasahau kurekodi. Kitu kilichonishika ni kimya. Nilisikia mwanamke wa nyuma akiongea na mtoto wake kwa sauti ya kawaida, ndani ya gari la abiria, Nairobi. Halafu nikashuka, basi likaondoka, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Nilisimama pale kama mjinga nikinusa hewa.

Mathe nilipomsimulia aliniuliza swali moja: "Na litakuja lini stage yetu?"

Hapo ndipo bro anapoingia. Yeye anaweka petroli ya kama shilingi 600 kwa siku ya kazi nzuri. Rafiki yake anayeendesha nduthi ya stima anasema yeye kwa kubadilisha betri hufika karibu nusu ya hiyo. Zidisha kwa siku 26 uone. Kwa familia yetu hiyo ni rent, na kipulizio, na chenji. Pia hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna kabureta ya kusafisha. Tulikaa jioni moja na kalamu, mathe akichambua maharagwe, tukapiga hesabu.

"Mafuta nimeelewa," bro akasema. "Lakini betri si yangu. Hapo ndipo pananisumbua."

Ni kweli. Kwa mpango aliopewa, ananunua pikipiki lakini betri inabaki ya kampuni. Inapoisha anaenda kituo, anatoa tupu, anachukua iliyojaa. Mpango ni mzuri, kwa sababu betri ndiyo sehemu ghali. Lakini kituo cha karibu kiko nje ya mtaa, na ndani ya Laini Saba stima nyingi ni ya sambaza, inakuja na kuondoka inavyotaka, huwezi kuitegemea kuchaji riziki. Na kampuni ikifunga je? Pikipiki ya petroli hata aliyeitengeneza akifa, fundi wa hapa kona anaijua hadi mifupa. Ya stima ikifungwa kwa programu inakuwa kiti cha kukalia. Hiyo si hofu ya mshamba. Agosti 2024 Mobius, waliokuwa wakitengeneza magari hapa Nairobi, walitangaza wanafunga kwa sababu ya madeni. Baadaye wakapata mnunuzi, lakini kwa hizo siku za katikati kila mwenye gari lao aligundua ni kampuni ngapi anazotegemea bila kujua.

Mathe hakuinua macho kutoka kwa maharagwe. "Ikikataa usiku Lang'ata, utaisukuma hadi hapa?"

Bro akacheka, lakini hakujibu.

Nataka niongeze swali ambalo yule kijana wa mauzo hakulipenda nilipomuuliza. Betri ikifa kabisa, inazikwa wapi? Akasema ofisi itashughulikia. Nikamuuliza ofisi gani. Akaangalia simu.

Naliuliza kwa sababu nchi hii tayari ina kaburi la betri. Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Kuanzia 2007 kulikuwa na kiwanda pale cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ukaingia nyumbani, maji machafu yakapita mitaroni, risasi ikaingia kwa damu ya watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa pale, mtoto wake mwenyewe akaugua. Alipiga kelele hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu hiyo miaka. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17 siku hukumu ya mwisho inasomwa.

Zile zilikuwa betri za risasi, hizi za sasa ni za lithiamu, najua tofauti. Lakini mpango ulikuwa ule ule: safari nzuri kwa mwenye gari, mabaki kwa mtaa wa mabati.

Na ukienda mwanzo wa hiyo betri unakuta vilevile. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kule Kolwezi na Lualaba. Kuna migodi mikubwa ya mashine, na kuna vijana wa rika langu wanaoshuka kwenye mashimo kwa kamba. Unajua wanaongea lugha gani wakishuka? Kiswahili. Hicho kitu kimekaa kichwani mwangu wiki nzima. Madini yanatoka ardhini kwa Kiswahili, yanaenda China, Japani na Ujerumani, yanakuwa gari, linaendeshwa miaka yake mizuri na watu wengine, kisha linarudi kuzeeka na kukatwakatwa kwa Kiswahili, Grogan na kwingineko. Katikati ndiko tangazo hupigwa picha.

Kuna habari njema hapa pia, nisiwe mtu wa kununa tu. Betri za aina ya chuma na fosfeti, ambazo BYD wanazitumia sana, hazina kobalti kabisa. Zinabeba umeme kidogo kuliko zile nyingine kwa uzito ule ule, lakini zinadumu, hazishiki moto kirahisi, na kwa basi ambalo kila usiku linarudi kituo kile kile zinatosha. Hayo ndiyo maendeleo ninayoyaheshimu. Mhandisi mahali fulani alikaa chini akaondoa tatizo kwenye mchoro wenyewe. Na betri iliyochoka kwa gari bado inaweza kukaa miaka ikihifadhi stima ya jua kwa kliniki au shule. Kenya ina sheria ya taka ya mwaka 2022 inayosema anayeleta bidhaa sokoni anawajibika nayo hadi mwisho wake. Sheria ipo. Sasa tunataka kuiona ikiwa na jezi ya kazi.

Kuna wimbi jingine linakuja, na naomba tulione mapema. Ulaya na Japani wakihamia stima, magari yao ya kwanza ya stima yatakuwa mtumba, na mtumba unakuja Mombasa. Tayari Nissan Leaf zilizotumika ziko Nairobi. Ukiwasha Leaf kuna vibaa 12 kwenye dashibodi vya kuonyesha afya ya betri. Gari linaweza kuwa na umri unaokubalika kisheria na vibaa vimebaki saba. Sheria yetu ya miaka 8 inauliza mwaka wa kuzaliwa. Haiulizi moyo umebaki kiasi gani. Kama hatutabadilisha swali, tutajaza nchi kwa magari yasiyo na moshi na yasiyofika Thika, na kila moja limebeba kilo mia mbili na zaidi za betri ambayo hakuna anayejua pa kuitupa.

Na jambo la mwisho, la wale ambao hawatawahi kununua lolote kati ya haya. Saa kumi na mbili asubuhi simama kwenye reli hapa Laini Saba uone watu wakienda Inda. Ni mto. Wanatembea kwa sababu nauli ni chakula. Hawa ndio wanamazingira wakubwa wa Nairobi na hakuna aliyewahi kuwapa cheti. Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kibera ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road ipite. Nyumba zilipisha magari ya watu wasio na nyumba pale. Gari la stima kwenye barabara hiyo ni zuri kuliko la dizeli, lakini kwa anayetembea bado ni gari linalompita. Kwa hivyo pesa za stima ziingie kwa mabasi kwanza, halafu nduthi. Gari la kifahari lingoje, lina subira na lina kivuli. Basi moja safi linaondoa moshi kwa watu wengi kwa wakati mmoja, pamoja na yule anayeuza mandazi nje.

Bro ameamua. Atamaliza mkopo wa petroli kwanza, miezi minne. Wakati huo yeye na wenzake wa stage wanataka waende kwa kampuni kama kikundi, sio mmoja mmoja, wakiwa na mambo matatu kwenye karatasi: kituo cha betri ndani ya Kibera, fundi wa mtaani afundishwe kuifungua ile pikipiki, na iandikwe betri ikifa inaenda wapi. Karatasi niliwachapia mimi. Kijana wa mauzo amesema ataipeleka juu. Tutaona juu ni wapi.

Mimi nimewaibia hiyo karatasi, nataka kuitumia kwa kila tangazo la gari la kijani litakalopita kwenye simu yangu. Sitauliza tena 2050. Nitauliza gari lako likifika mwenye nalo wa nne, asiye na pesa, litakuwa bado safi? Fundi wa jua kali anaweza kulitengeneza bila kulikata? Na mwisho wake uko kwenye mtaa wa nani? Kampuni itakayoweza kujibu hayo matatu, nitaitengenezea video bure, na mathe atawapa chai.